Siku nilipolifukuza gari nililolitengeneza mwenyewe, nikiwa kwenye gari la Mfilipino, njia ya Runzewe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba kabla hamjanisalimia.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Sasa juzi nimekuta vijana wanabishana kwamba mtu mweusi hawezi kutengeneza gari. Mmoja akachekelea kabisa, eti hata Wafilipino nao walikuwa na magari yao, yale ya kama sanduku. Nikasema hapana, hapa lazima niingie.

Natanguliza taarifa: shule niliishia darasa la nne na naandika kwa kidole kimoja. Anayetaka kukagua herufi akae pembeni. Lakini ninachosimulia kilinipata mimi, mwili huu huu. Atakayesema ni chai aje Shinyanga, afike Ngokolo, awaulize mafundi wa zamani nani alikuwa nani.

Twende.

Miaka ya themanini mwanzoni, vita imeisha, maduka matupu. Spea hakuna. Petroli ya kubembeleza. Jumapili mchana huruhusiwi hata kutembeza gari lako. Wengi walipaki magari wakarudi kwenye baiskeli.

Mimi ndipo nilipotajirika. Gari likishindikana mjini kote, wanasema mpelekeeni yule wa Ngokolo. Walikuwa wananiita Injinia wa Darasa la Nne. Walidhani wananitania. Mimi nikaliandika kwenye geti.

Kulikuwa na Mfilipino mmoja, mtaalamu wa mpunga, tukimwita Bwana Beni. Alikuja na mradi, na gari lake likaja kwa meli kutoka kwao.

Wakuu, lile gari! Sanduku la bati. Halina duara popote. Boneti bapa, milango bapa, ubavu bapa, nyuma bodi ya kubebea mzigo yenye mabenchi. Usukani uko kushoto. Watu wa mjini walilicheka mpaka basi. "Fundi, hilo gari au kabati?"

Bwana Beni hakujali. Siku moja alipiga ubavu wa gari kwa kiganja, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Fundi, hii hapana cheka. Hii Filipino tengeneza. Bati kunja hivi, kunja hivi, basi. Fundi ya kijiji naweza. Vita ya dunia kwisha, Mmarekani acha jeep, sisi fanya basi. Sasa sisi fanya gari ya sisi."

Yale maneno yaliniingia. Nilizunguka lile gari siku nzima nikitafuta mkunjo ambao mimi siwezi kuukunja. Sikuuona.

Mradi ulipoisha, Bwana Beni aliniachia gari, kwa kazi zote nilizomfanyia. Nikawa natembea na kitu ambacho mkoa mzima hakipo.

Lakini mimi si mtu wa kutembelea sifa ya mwenzangu. Nikatengeneza la kwangu.

Chesesi nilitoa kwenye gari lililokufa. Injini nikaokota kwingine, nikaifufua. Ekseli ya nyuma ilitoka kwenye gari kubwa zaidi, kwa hiyo matairi ya nyuma yalikuwa yametanuka kuliko ya mbele, kama mtu aliyepanua miguu. Bodi nilipasua mapipa ya mafuta, nikayanyoosha kwa nyundo, nikayakunja juu ya kipande cha reli. Kipande cha reli nilikitoa wapi, hilo tuliache.

Usukani nikaweka kulia, maana hapa ni Tanzania. Mlangoni nikachora bendera.

Kumbukeni nchi ilivyokuwa. Tulikuwa na baiskeli zetu, redio zetu, matairi yetu. Nikasema na gari letu hili hapa. Siku nilipoliwasha, Ngokolo yote ilitoka nje.

Akaja mtu mmoja anaitwa Lucas, anasema anafanya biashara ya samaki wakavu wa Chato. Kanisifia, kalipapasa gari, kanisifia tena. Mimi mkisifia kazi yangu mmenimaliza. Nikamuuzia. Nilisema moyoni, likizunguka na samaki Kanda ya Ziwa yote, kila mtu ataliona.

Kweli waliliona.

Sasa ile siku yenyewe. Nilikuwa natoka Geita, nimepeleka pampu ya maji kwa wachimbaji, narudi nyumbani kwa gari la Mfilipino kupitia Runzewe. Kiangazi kikali, jua la asubuhi tu tayari linachoma. Nimepita Runzewe napiga mluzi. Kona moja, nakuta magogo barabarani.

Sungusungu.

Kwa vijana msiojua: wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, vijiji vikajiundia ulinzi wao. Upinde, mishale, filimbi. Kiongozi wao wanamwita ntemi. Na wana kitu kinaitwa mwano, yaani yowe la hatari. Ukipigwa mwano, kila mwanaume anaacha jembe, anatoka mbio kuelekea unakotoka, huku na yeye anapiga ili kijiji cha mbele kisikie. Usipotoka, utajieleza.

Walinizingira kabla sijazima injini. Kijana mmoja akakimbilia dirisha la kulia, akachungulia, akaruka nyuma.

"Hakuna dereva! Gari halina dereva!"

"Yuko huku!" mwenzake akaita. "Kakaa kwa utingo!"

"Nilisema mimi. Magari haya si ya kawaida."

Hapo ningenyamaza, labda ningepona mapema. Lakini nilishuka nimevimba.

"Jamani, mnajua mnamsimamisha nani? Magari ya namna hii mtengenezaji ni mimi. Ulizeni Shinyanga yote."

Ntemi akasogea. Mtu mwembamba, koti la mvua kwenye jua lile, mshale mmoja mkononi kama kalamu.

"Magari haya unatengeneza wewe?"

"Mimi."

"Mwingine hakuna?"

"Hayupo, ntemi. Hajazaliwa."

Akawageukia watu wake. "Mmesikia wenyewe."

Wakuu, nilifungwa mikono kwa kamba ya katani kabla sijaelewa nimesema nini.

Kumbe alfajiri ile maksai wawili wa mama mmoja mjane walikuwa wameibwa. Mtoto aliyekuwa anachota maji aliliona gari lililowabeba likiingia porini. Akaulizwa lilikuwaje. Akasema: kama sanduku.

Walinipeleka kwa miguu mpaka pale walipopakiwa. Njia nzima mmoja nyuma yangu alikuwa anauliza wenzake kama petroli iliyomo inatosha kulichomea. Kulichomea gari na mwenyewe, sikuuliza kwa mpangilio gani.

Pale chini nyayo za ng'ombe zinaishia, alama za matairi zinaanza. Nikaangalia mchanga.

Mistari minne.

Gari la kawaida tairi la nyuma linakanyaga palipokanyagwa na la mbele, unaona mistari miwili. Hapa ilikuwa miwili ndani, miwili nje. Gari moja tu duniani lilikuwa linatembea hivyo, na mimi ndiye niliyeifunga ekseli yake.

"Ntemi," nikasema, "gari langu haliachi mistari hii. Nifungue nikuonyeshe."

"Ukimbie?"

"Panda nami, na mshale wako."

Wakanifungua. Nikaliendesha gari la Mfilipino taratibu juu ya mchanga ule ule, ntemi pembeni yangu. Tukashuka wote tukaangalia. Mistari miwili, imenyooka.

Watu wakanong'ona. Nikaanza kupumua.

"Sawa," ntemi akasema. "La mistari minne ni la nani?"

Hapo sasa. Nikisema sijui, nimeshajitangaza kuwa hakuna fundi mwingine. Nikisema najua, wataenda kulichoma. Gari langu. Mapipa yangu. Bendera yangu mlangoni.

"Nimelitengeneza mimi," nikasema. "Nikamuuzia mtu anaitwa Lucas. Sikujua shughuli yake."

"Muongo huyu!" wakapiga kelele. "Wanagawana!"

Kabla ntemi hajajibu, mwano ukasikika upande wa magharibi. Mbali, kama nzi. Ukapokelewa karibu kidogo, ukapokelewa tena. Mzee mmoja akatega sikio akatafsiri: gari limetoka porini, limeshika njia ya Chato.

Ntemi akanitazama.

"Kwa miguu hatulipati. Utalifukuza wewe kwa hili lako. Likitupotea, nitajua uko upande gani."

Walipanda mpaka bodi ikainama. Mabenchi yote, juu ya mabenchi, wengine wananing'inia. Ntemi akakaa kulia kwangu. Tukaondoka.

Nimeendesha magari mengi, wakuu, sijawahi kuendesha vile. Njia ya makorongo, mizizi, mchanga wa kumeza tairi. Kila gema watu nyuma wanarushwa, wanaangukiana, wanaimba. Waliimba njia nzima. Mimi jasho linaingia machoni.

Tukatoka kwenye miti, uwanda umefunguka, nikaliona. Vumbi refu, na mbele ya vumbi, sanduku langu.

Sauti yake niliitambua kabla ya rangi. Injini ile niliifungua na kuifunga mara nyingi kiasi kwamba ningeijua hata ikikohoa sokoni.

Na lilikuwa linatuacha.

Sitawadanganya. Mguu ulikuwa umekandamiza mafuta mpaka sakafuni, lakini nusu ya moyo ilikuwa inasema: nenda, mwanangu, nenda. Gari la Mfilipino, la kiwandani, limekuja kwa meli, linaachwa na mapipa ya Ngokolo!

"Mbona linatuacha?" ntemi akauliza.

"Ni jepesi, ntemi. Halafu injini yake niliisugua mwenyewe."

"Unalisifia?"

"Nasema ukweli."

"Litasimama wapi?"

"Lile? Halisimami."

Ncha ya mshale ikanigusa ubavuni. Hakusukuma. Aliiweka tu pale, na kila shimo tulilopita ilikuwa inanikumbusha kuwa ipo.

"Nimekuuliza kwa adabu, fundi. Litasimama wapi?"

Sasa wakuu, lile gari lilikuwa na ugonjwa mmoja. Tuliujua mimi na Lucas tu, maana nilimwonyesha tiba. Bomba la petroli nilikuwa nimelipitisha karibu na egzosi. Ukilikimbiza sana kwenye jua kali, petroli inachemka ndani ya bomba, pampu inavuta hewa, gari linazima. Dawa yake ni kitambaa kibichi juu ya pampu, kila mara unaloanisha, mpaka lipoe.

Kutoka porini mpaka pale lilikuwa limeshakimbia vya kutosha. Na kiangazi kile, maji yalikuwa sehemu moja tu njia ile.

Nilikuwa nalitazama linavyokata uwanda. Nilijua nikifungua mdomo nimelimaliza.

"Penye maji," nikasema. "Lina joto. Lazima wapitie maji. Kuna lambo mbele?"

Ntemi alitoa kichwa nje ya dirisha akapiga filimbi, akapaza sauti kwa Kisukuma, na wale wa nyuma wakapokea wote kwa pamoja, "Lambo! Lambo!" Kwenye mashamba ya mbali nikaona mtu anasimama na kuweka mikono mdomoni. Halafu mwingine mbele yake. Sauti ikatupita. Ikalipita na gari langu. Lucas na mtu aliyekuwa naye, ndani ya kelele za injini, wala hawakusikia kitu.

Tulipofika lambo, watu walikuwa wamejaa kama mnada. Gari langu limesimama ukingoni, boneti juu. Lucas yuko tumbo wazi, shati lake limelowa, liko juu ya pampu, mikono yake iko hewani. Mwenzake amelala kifudifudi mwenyewe bila kuambiwa.

Nikasema, afadhali, yameisha.

Lucas akaniona.

"Mwenye gari huyo hapo!" akapiga kelele. "Ni lake! Mimi ananituma tu! Muulizeni nani kalitengeneza!"

Duara likageuka. Wale wa lambo hawakunijua, walichoona ni mtu ameshuka kwenye sanduku jingine lile lile. Mmoja akanishika shingo ya shati. Nikasikia upinde unavutwa.

"Ni lako?" ntemi akauliza.

Ningeweza kulikana. Neno moja tu. Lakini nililiangalia pale, limeshinda njia ile yote, kila mkunjo umekaa ulipowekwa.

"Kulitengeneza nimelitengeneza mimi," nikasema. "Na hakuna mwingine. Kuiba sijaiba."

Ntemi akamgeukia Lucas. "Aliyeniambia utasimama penye maji ni huyu. Mwenzio katika wizi angeniambia?"

Mkono ukaniachia shingo.

Lakini gari halikuachiwa. Vijana walikuwa wameshalikusanyia majani makavu chini ya matairi, na mmoja anakuja mbio na kijinga cha moto kutoka kaya ya jirani. Nikaanza kuomba. Mimi, mtu wa majivuno kama hivi, nilipiga magoti kwenye tope la ng'ombe. Nikawaambia gari halina akili, halikujua linabeba nini. Wakanicheka.

Ntemi akasema, "Ngojeni mwenye mali."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Kabla ya adhabu yoyote, aliyeibiwa aseme kwanza.

Mama akaja kwa miguu, alikuwa anaufuata mwano tangu asubuhi. Mama Kabula walimwita. Watu wakampisha. Akachungulia bodini. Maksai mmoja amefungwa kamba, yuko hai, anahema. Wa pili ilikuwa ngozi na nyama ndani ya magunia.

"Kapteni yupo," akasema taratibu. Akagusa gunia. "Meja wamemchinja."

Kijana wa moto akauliza, "Mayu, mama yetu, tulichome?"

"Mkilichoma Meja anaamka?"

Kijana akashusha kijinga chake.

"Nawauliza. Mvua ikinyesha nitalima na nini? Kapteni peke yake anavuta jembe?" Akalitazama gari kuanzia matairi mpaka juu. "Nipeni hili."

Watu wakaangua kicheko. "Mayu, hili linakunywa petroli!"

"Na Meja alikuwa anakunywa upepo?"

Ntemi hakucheka. Akaniita. "Wewe baba yake. Linafanya kazi, au tunampa mama mzigo wa mabati? Liwashe. Likikataa, moto upo hapa."

Nikachukua hendeli ya kuwashia, ikaniponyoka. Nikachota maji ya lambo kwa kofia, nikamwagia pampu, yakafoka mvuke. Nikamwagia tena. Kijinga cha moto kinatoa moshi pembeni yangu. Nikazungusha hendeli. Likakohoa, likanyamaza.

"Basi," mtu akasema.

"Bado!" nikasema. Nikaweka kiganja kwenye pampu, nikasubiri ipoe, watu wote wananitazama mgongo. Nikazungusha kwa nguvu zote za mama yangu aliyenizaa.

Likawaka.

Wakuu, wale wale waliokuwa wanabeba majani wakapiga vigelegele. Mama Kabula alilizunguka lote, akafika ubavuni, akalipiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe mnadani.

"Meja," akasema.

Jina likakaa hapo hapo. Wezi walipelekwa polisi. Mimi nikahukumiwa: kila Meja akiugua nije nimtibu bure. Na nilikuja, miaka yote. Bomba la petroli nililihamisha wiki hiyo hiyo.

Jembe Meja hakuvuta. Alikuwa anabeba pamba za majirani mpaka mnadani, na majirani wanamlimia mama kwa ng'ombe wao. Watoto wake walisoma kwa gari lile. Lilikuwa bado linatembea wakati magari mengi ya maana yameshageuka mabanda ya kuku.

Ile jioni nilimrudisha ntemi kijijini kwake kwa gari la Mfilipino. Tulipofika, mguu mmoja uko nje, akauliza:

"Fundi. Kati ya haya mawili, lipi linakimbia zaidi?"

"Ulikuwa na macho, ntemi."

Akatikisa kichwa, akafunga mlango polepole, kwa heshima.

Nilichojifunza: usikubali kusifiwa na mtu ambaye hujui atabeba nini. La pili, wale Wafilipino hawakuwa na uchawi. Walithubutu kukunja bati bapa bila kuona aibu, wakalipenda la kwao likiwa bado baya. Sisi la kwetu likiwa baya tunalicheka mpaka linakufa. Mimi la kwangu nililipigia magoti, na sijutii.

Uwanja ni wenu. Mnaosema haiwezekani njooni na hoja, matusi acheni nyumbani. Na kama kuna mtu wa Runzewe au Ushirombo humu ambaye familia yake iliwahi kupakia pamba kwa Meja, tafadhali ajitokeze aseme, ili hawa vijana wanyamaze.